Novavax: faida ya daftari na mfuko unaopungua

Mei 2025 mpwa wangu anayeishi Minnesota aliniandikia: "Shikamoo mjomba. Kuna kampuni ya chanjo inaitwa Novavax, imetangaza faida ya dola milioni 519 kwa miezi 3. Kampuni yenyewe nzima sokoni ina thamani ya kama dola bilioni 1, na hisa moja iko chini ya dola 10. Mbona kama ni bure? Ninunue?"

Nikaitikia marahaba, nikamwomba anipe siku mbili. Sikutaka kumkatisha tamaa kijana anayeweka akiba kutokana na zamu za usiku, na hesabu yake haikuwa ya kijinga. Kampuni ikipata kwa robo mwaka nusu ya thamani yake yote, mtu yeyote mwenye akili atashtuka. Jambo la kujiuliza ni kwa nini soko zima, lenye watu wanaosoma ripoti hizo kwa mshahara, liliitazama faida hiyo na halikuikimbilia.

Jibu limo ndani ya ripoti yenyewe. Mapato ya robo hiyo yalikuwa dola milioni 667. Kati ya hizo, takriban milioni 603 zilitokana na kufungwa kwa mikataba ya zamani ya ununuzi wa awali wa chanjo ya UVIKO-19. Hazikuwa fedha zilizoingia kati ya Januari na Machi 2025. Zilikuwa zimeingia miaka ya nyuma, zikatumika, na sasa ndiyo kwanza zinaandikwa kuwa mapato.

Mfano wa fundi cherehani utatusaidia hapa. Kamati ya harusi inamjia fundi, inaagiza sare 200 na kulipa shilingi milioni 3 kabla hajakata kitambaa. Fundi anaajiri vijana wawili, analipa pango la miezi sita, ananunua nyuzi na vifungo. Harusi inaahirishwa, kisha inavunjika. Kwa muda wote huo ile milioni 3 imo kwenye daftari lake upande wa madeni, kwa sababu anadaiwa nguo. Siku moja wanakamati wanarudi na kusema, basi fundi, sare hatuzihitaji tena, na fedha hatukudai. Siku hiyo hiyo daftari linaonyesha mapato ya milioni 3. Ukifungua droo yake, hakuna shilingi iliyoongezeka. Vijana bado wanadai mshahara wa mwezi, na mwenye nyumba anapiga hodi.

Hiyo ndiyo robo ya kwanza ya Novavax ya mwaka 2025. Wakati daftari linaandika faida ya milioni 519, akiba ya fedha ya kampuni ilishuka kutoka dola milioni 938 mwishoni mwa Desemba 2024 hadi milioni 747 mwishoni mwa Machi. Miezi mitatu ya "faida" imeondoka na takriban dola milioni 190 za fedha halisi. Wahasibu hawakudanganya popote. Kanuni za uhasibu zinataka iandikwe hivyo, na kampuni yenyewe ilieleza wazi. Ni msomaji wa kichwa cha habari aliyeishia kwenye kichwa cha habari.

Robo iliyofuata nayo ilikuwa na faida, na sehemu kubwa ikatokana na malipo ya mara moja ya dola milioni 175 kutoka kwa mshirika wake, kampuni ya dawa ya Sanofi ya Ufaransa, yaliyoiva baada ya mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kutoa leseni kamili ya chanjo. Robo ya tatu haikuwa na mkataba wa kufunga wala leseni ya kusherehekea, na hasara ikarudi.

Kwa hiyo ninaposikia wawekezaji wakigombana kama Novavax "imeingia kwenye faida", naona wanachanganya fedha za aina tatu: zilizokwisha kuliwa zinazoandikwa upya, za zawadi zinazokuja mara moja na kwisha, na za mauzo ya kila siku. Aina hiyo ya tatu ndiyo inayolipa mishahara mwaka baada ya mwaka, na ndiyo iliyo ndogo kuliko zote.

Ilifikaje hapa? Novavax ilianzishwa mwaka 1987. Kwa zaidi ya miaka 30 haikuwahi kupata kibali cha chanjo hata moja. Mwaka 2016 chanjo yake ya RSV, virusi vinavyoshambulia njia ya hewa, kwa wazee ilishindwa kwenye majaribio makubwa, na hisa zikaporomoka kwa siku moja. Mwaka 2019 ikashindwa tena, safari hii kwa wajawazito. Bei ya hisa ilianguka kiasi kwamba kampuni ilizikunja hisa 20 kuwa 1 ili isiondolewe sokoni. Mwaka huo huo, kwa kukosa fedha, iliuza shughuli zake za uzalishaji huko Maryland kwa kampuni ya Catalent kwa takriban dola milioni 18, wafanyakazi na mitambo.

Tazama tarehe hiyo. Iliuza kiwanda mwaka 2019, na miezi michache baadaye dunia nzima ikawa inatafuta mtu mwenye kiwanda cha chanjo.

Serikali ya Marekani iliipa ahadi ya dola bilioni 1.6 Julai 2020. Sayansi haikuiangusha: kwenye majaribio ya Marekani na Mexico, yenye watu karibu 30,000, chanjo ilionyesha ufanisi wa zaidi ya asilimia 90. Kilichoiangusha ni uzalishaji. Ilibidi itengeneze chanjo kupitia wakandarasi waliotawanyika nchi mbalimbali, na kila kituo kilitakiwa kuthibitisha kwamba kinachotoka kwake kinafanana na kinachotoka kwingine kwa usafi na nguvu. Uthibitisho huo ulichukua mwaka mzima na zaidi. Pfizer na Moderna waliruhusiwa Desemba 2020, Novavax ikapata ruhusa ya dharura ya FDA Julai 2022. Ilifika sokoni jioni, watu wameshanunua mboga na kurudi nyumbani.

Hisa iliyokuwa kama dola 4 mwanzoni mwa 2020 ilipanda hadi kupita dola 300 Februari 2021, na mwishoni mwa 2023 ikawa tena chini ya dola 5. Februari 2023 menejimenti iliandika onyo ambalo hakuna mwenyehisa anayependa kulisoma, kwamba kuna shaka kubwa kama kampuni itaweza kuendelea na shughuli zake. Mwaka 2022 hasara ilikuwa dola milioni 658, mwaka 2023 milioni 545, mwaka 2024 milioni 187. Hasara inapungua, ndiyo. Lakini limbikizo la hasara za miaka yote limefika takriban dola bilioni 5.

Na si kila mteja alisamehe malipo ya awali. Gavi, taasisi inayonunulia chanjo nchi maskini, ilikuwa imelipa dola milioni 700 katika mpango wa dozi milioni 350. Dozi hazikufika kama zilivyotarajiwa, mkataba ukavunjika Novemba 2022, na wakapelekana kwenye usuluhishi. Februari 2024 walipatana: dola milioni 75 papo hapo, kisha hadi milioni 80 kila mwaka mpaka 2028. Kwa lugha ya fundi wetu, kamati ya pili imekataa maneno matamu, imedai hela yake, na inalipwa kwa awamu.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Wapo wanaoamini kwamba chanjo ya UVIKO-19 ya Novavax bado itauzwa vya kutosha. Hoja yao ni kwamba inatumia protini, njia ya zamani inayofahamika, tofauti na teknolojia ya mRNA ya Pfizer na Moderna, ambayo watu wengi Marekani wameichukia au wanaogopa homa na uchovu wake. Agosti 2025, waziri wa afya wa Marekani, Robert F. Kennedy Jr., alipofuta miradi 22 ya mRNA yenye thamani ya karibu dola milioni 500, baadhi ya wanahisa walishangilia kwamba mshindani amevunjwa miguu.

Mimi sishangilii nao, na si kwa sababu za huruma tu. Serikali inayotilia shaka chanjo haichagui ya jirani ikaiacha ya kwako. FDA hiyo hiyo ilitakiwa kutoa uamuzi kuhusu leseni kamili ya Novavax ifikapo Aprili 1, 2025, siku ikapita kimya. Leseni ilipotoka Mei 17 ilikuwa imebanwa: watu wa miaka 65 na kuendelea, na wa miaka 12 hadi 64 wenye angalau tatizo moja la kiafya linalowaweka hatarini. Kampuni pia ikatakiwa kufanya utafiti mwingine kwa watu wa miaka 50 hadi 64 wasio na matatizo hayo. Huo ni mlango mwembamba kuliko ule wa ruhusa ya dharura. Soko likisinyaa kwa wote, anayeumia zaidi ni mwenye kibanda kidogo.

Kuna pia wawekezaji waliochoshwa na uongozi wenyewe. Mwaka 2024 kampuni ya uwekezaji ya Shah Capital, mmoja wa wenyehisa wakubwa, ilifanya kampeni ya kuwapinga baadhi ya wajumbe wa bodi, ikisema chanjo nzuri inauzwa vibaya. Nakubaliana nao kwa sehemu. Bidhaa yenye ufanisi wa asilimia 90 haikupaswa kuwa kitu cha kuulizia duka la dawa baada ya duka la dawa. Lakini kampeni hiyo iliishia siku Sanofi ilipoingia, Mei 10, 2024. Sanofi ilitoa dola milioni 500 za mwanzo, ikanunua hisa chini ya asilimia 5, na kuahidi mengine hadi kufikisha bilioni 1.2. Kazi ya kuuza chanjo ya UVIKO-19 katika nchi nyingi ikawa ya Mfaransa, Novavax ikabaki kupokea mrabaha, yaani asilimia fulani ya mauzo. Siku hiyo hisa zilikaribia kupanda maradufu, na lile onyo la shaka ya kuendelea likaondolewa.

Mkataba huo una kifungu kimoja ambacho kwangu kina uzito kuliko nusu bilioni ya mwanzo. Sanofi ilipewa haki ya kutumia kichocheo cha Novavax, kiitwacho Matrix-M, kwenye chanjo zake nyingine, na kwa kila chanjo mpya italipa hadi dola milioni 200 kwa awamu, kadiri chanjo inavyofikia hatua zilizokubaliwa, pamoja na mrabaha wa asilimia chache za mauzo. Hapo ndipo penye hoja nzito zaidi ya waumini wa kampuni hii, na ndipo inapotugusa sisi wa huku pwani.

Chanjo ya protini peke yake ni kama mgeni anayeingia uani bila kubisha hodi, mwili unaweza usimtambue. Inahitajika kitu cha kuamsha kinga. Matrix-M ni kitu hicho. Hutengenezwa kwa povu asilia linalotoka kwenye gome la mti wa quillay wa Chile, mti ambao Wamapuche wa huko wameufulia nguo tangu enzi. Novavax haikukigundua yenyewe. Ilikinunua mwaka 2013 pamoja na kampuni ndogo ya Uppsala, Uswidi, iliyoitwa Isconova, kwa takriban dola milioni 30. Kwa kulinganisha na mabilioni yaliyoteketea baadaye, hiyo ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika historia ya kampuni.

Protini yenyewe ina asili ambayo mkulima yeyote wa mahindi hapa Tanzania ataistaajabia. Hukuzwa ndani ya seli zilizotokana na ovari za nondo ambaye kiwavi wake ni kiwavijeshi vamizi. Nimemwona mdudu huyo kwa macho yangu kwenye robo tatu ya ekari Mvomero. Unapanua jani changa la katikati, unakuta matundu yamejipanga mstari kama risasi zimepita, unga mbichi wa kinyesi kama vumbi la mbao, na chini kabisa kiwavi mwenye alama ya Y iliyogeuzwa kwenye paji la uso. Tangu 2017 ametunyima usingizi. Seli zake ndizo zinazofanya kazi ya kiwanda cha protini ya chanjo, usiku na mchana, kwenye mapipa ya chuma cha pua. Sijui kama Muumba anaweza kutufundisha unyenyekevu kwa njia iliyo wazi zaidi ya hiyo.

Chanjo ya malaria ya R21 imeunganishwa na Matrix-M. Ilibuniwa Chuo Kikuu cha Oxford na hutengenezwa na Serum Institute ya India. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023. Majaribio yake ya mwisho yalihusisha watoto zaidi ya 4,800 katika vituo vitano vya Afrika, na viwili kati ya hivyo ni majina ya nyumbani: Bagamoyo, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, na Kilifi, kwa watafiti wa KEMRI-Wellcome. Mama wa Bagamoyo alimbeba mtoto mgongoni, akasubiri kwenye benchi, akamshika mkono wakati sindano inaingia, akarudi tena mwezi uliofuata na uliofuata, kisha mwaka mmoja baadaye kwa dozi ya kukazia. Kila ukurasa wa wasilisho ambalo Novavax huwaonyesha wawekezaji kuthibitisha kwamba Matrix-M inafanya kazi kwa watoto wadogo, na kwa usalama, umesimama juu ya mikono ya watoto hao.

Serum Institute hununua kichocheo hicho kutoka Novavax na kulipa mrabaha juu ya mauzo, kwa miaka 15 tangu chanjo ianze kuuzwa katika kila nchi. Basi waumini wanasema: hapa ndipo faida ya kweli itakapotokea, watoto wa Afrika ni wengi, chanjo itahitajika milele.

Nikachukua kalamu. Tuseme Serum inauza dozi milioni 30 kwa mwaka. Bei ni chini ya dola 4 kwa dozi, kwa hiyo mauzo hayazidi milioni 120. Tuseme mrabaha ni asilimia 10. Novavax itapata dola milioni 12. Gharama zake za utafiti na uendeshaji kwa mwaka 2025 zilipangwa kuwa karibu dola milioni 500, yaani kama milioni 1.4 kila siku. Dozi milioni 30 za malaria, zinazotosha kuchanja watoto zaidi ya milioni 7 kwa sindano nne nne, zinalipia kampuni siku tisa.

Siku tisa. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea sifuri.

Ongeza na mrabaha wa UVIKO-19. Tuseme Sanofi inauza dola milioni 300 kwa mwaka, jambo ambalo halijawa rahisi, na inalipa moja ya tano. Hiyo ni milioni 60. Ukijumlisha na malaria unapata milioni 72, dhidi ya gharama za milioni 500. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kina tobo kubwa chini.

Kwa hiyo hoja ya waliokata tamaa, kwamba hii ni kampuni inayosubiri kufa, ina nguvu kuliko wapenzi wa hisa hizi wanavyotaka kukiri. Hata hivyo siikubali, kwa sababu inachukulia gharama kana kwamba ni mvua. Gharama ni uamuzi. Novavax imeshauza kiwanda chake cha Bohumil, Jamhuri ya Czech, kwa Novo Nordisk kwa dola milioni 200 Desemba 2024. Mei 2023 ilitangaza kupunguza robo ya wafanyakazi wake, na haikuishia hapo. Kazi ya kuuza imekabidhiwa Sanofi. Kampuni inayobaki inaweza kuwa nyumba ndogo: maabara, kichocheo kimoja kizuri, wanasheria wa mikataba, na wahasibu wanaokusanya mrabaha. Nyumba ya namna hiyo yenye gharama za milioni 150 au 200 kwa mwaka inaweza kuishi kwa mirabaha na malipo ya hatua, endapo wanunuzi wawili au watatu wengine wa Matrix-M watajitokeza na chanjo zao zikafaulu.

Endapo. Neno hilo limebeba mzigo wote. Chanjo mpya ikianza majaribio leo, mara nyingi inachukua karibu muongo mmoja kufika dukani. Na njiani kuna mashimo ambayo hakuna anayeyaona. Oktoba 2024 FDA ilisimamisha jaribio la chanjo ya pamoja ya UVIKO-19 na mafua kwa sababu ya taarifa ya ugonjwa wa neva za misuli kwa mshiriki mmoja tu. Hisa zikaanguka kwa takriban moja ya tano siku hiyo. Mwezi uliofuata ikaonekana ugonjwa huo haukuhusiana na chanjo na zuio likaondolewa. Mtu mmoja, ripoti moja, na mamia ya mamilioni ya dola ya thamani yakayeyuka asubuhi moja.

Kwa maoni yangu basi, wanaosema Novavax ina hazina wako sahihi kuhusu hazina, na wanakosea kuhusu muda. Kampuni inashindana na saa: je, fedha zilizoko benki zitatosha mpaka mirabaha ya watu wengine ianze kuingia, huku Gavi ikilipwa kila mwaka hadi 2028? Anayenunua hisa leo hanunui chanjo. Ananunua imani kwamba menejimenti itakuwa na ujasiri wa kubaki ndogo. Na historia ya zaidi ya miaka 35 inaonyesha menejimenti za kampuni hii zikipenda kuwa kubwa kila fedha zilipoingia.

Kuna jambo linaloniuma katika mjadala huu wote. Nimesoma uchambuzi mwingi wa hisa hizi, na malaria hutajwa kwa nusu sentensi, baada ya UVIKO-19, baada ya mafua, baada ya malipo ya Sanofi. Kifedha wana haki, siku tisa ni siku tisa. Lakini kwetu sisi, kampuni hii ikiyumba, kinachoyumba ni mnyororo wa kichocheo kilichomo kwenye sindano ya mtoto. Kampuni inayopunguza watu ili ifike kwenye faida inapunguza pia wanaojua kwa nini pipa moja la Matrix-M limetoka sawa na lingine halikutoka. Tulishaona mwaka 2021 na 2022 kilichotokea pale utaalamu wa uzalishaji ulipokuwa umeuzwa. Mwekezaji anaona gharama iliyokatwa. Mimi namwona mtaalamu wa usafi wa dawa akibeba sanduku lake kwenda kwenye gari, na simwoni aliyebaki nyuma yake.

Wala sitaki suluhisho liwe kupandisha bei ya R21. Dozi ya chini ya dola 4 ndiyo inayofanya chanjo ifike zahanati ya kijijini badala ya kubaki kwenye jokofu la mjini, na hata hiyo bei nchi zetu zinaichangia kwa shida. Naitakia Novavax faida, na sitaki faida hiyo itoke Bagamoyo. Itoke kwenye nchi ambako dozi moja ya UVIKO-19 ina bei ya orodha inayozidi dola 100, itoke kwa Sanofi, itoke kwa makampuni makubwa yatakayotaka kutumia gome la quillay kwenye chanjo za wazee wao wenye bima. Huko kuna nafasi ya kutosha. Na serikali zetu, ambazo watoto wetu walitoa ushahidi uliokipa kichocheo hiki heshima yake, zina haki ya kuuliza mezani maswali ambayo wanahisa hawaulizi: nani mwingine anaweza kukitengeneza, mkataba unasema nini kampuni ikiuzwa, na ni lini utaalamu huo utafika kwenye kiwanda chochote cha Afrika.

Siku mbili zilipopita nilimpigia mpwa wangu. Sikumwambia nunua wala usinunue. Nilimwambia aifungue ripoti yenyewe, aupite ukurasa wa kwanza wenye maneno mazuri, aende kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, atafute mstari wa fedha kutokana na uendeshaji, kisha anisomee tarakimu aliyoiona.

Alikaa kimya kidogo. Nilisikia kibodi ikigonga.

"Mjomba, mbona hii namba wameiweka kwenye mabano?"

"Mabano maana yake zimetoka," nikamwambia. "Sasa isome tena."